Basi Halikatwi Mafungu Themanini

Shangazi yangu alipoihama nyumba ya Kuze, mtaa wa Mji wa Kale hapa Mombasa, mwaka juzi ili akaishi na binti yake Kisauni, chini ya kitanda chake lilitolewa sanduku la bati ambalo sisi sote tulidhani limejaa nguo za zamani. Ndani yake mlikuwa na madaftari saba makubwa, yale yenye majalada meusi na migongo myekundu ambayo wenye maduka huwekea hesabu, na kila moja lilikuwa limezongwa kwa kipande cha leso kuukuu. Hayo ndiyo madaftari ya mabasi ya babu yetu. Mawili ya kwanza yameandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wengi wa rika lake waliosoma chuo cha Kurani badala ya skuli. Matano yaliyobaki yako katika hati ya Kirumi, kwa mkono wa shangazi mwenyewe, ambaye tangu umri wa miaka kumi na minne ndiye aliyekuwa akihesabu mapato kila usiku basi liliporudi.

Kampuni ile haikuwa kubwa. Ilikuwa na mabasi mawili, na kwa muda mfupi matatu, yaliyotoka Mombasa kwenda Malindi na baadaye yakafika hadi Garsen. Wala haikuwa ya pekee, kwa maana kabla na baada ya uhuru mwambao wetu ulikuwa na kampuni nyingi za namna hiyo, za ukoo mmoja, njia moja na magari machache, zenye jina la mwenyewe au la mwanawe lililoandikwa ubavuni kwa rangi ya mafuta. Baadhi ya wenyewe walikuwa Waswahili na Waarabu wa Mji wa Kale, wengine Wabaluchi, wengine Wahindi wenye maduka vijijini, wengine Wamijikenda na Wataita waliokusanya mtaji kutokana na mazao au mishahara. Historia yao, pale inaposimuliwa, husimuliwa kama habari ya magari na barabara. Baada ya kuyasoma madaftari haya kwa miezi mingi nimesadiki kwamba ni habari ya nyumba: nani alimwamini nani, dhahabu ya nani iliuzwa, nani alifariki na nani akarithi.

Ili mtu aelewe kwa nini familia hizi zilianzia njia za mashambani na si njia kuu ya Nairobi, hana budi kuanza na reli. Reli ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Kisumu mwaka 1901, na kwa miongo mingi baadaye ndiyo iliyokuwa mboni ya jicho la serikali ya kikoloni, kwa sababu ilikuwa mali ya serikali yenyewe na ilihitaji mizigo na abiria ili ijilipie. Malori yalipoanza kuonekana kuwa mpinzani, serikali iliweka sheria. Sheria ya leseni za uchukuzi ya mwaka 1937 iliunda bodi ambayo mtu aliyetaka kuendesha gari la biashara alilazimika kuithibitishia kwamba njia yake ina haja ya gari jingine, na wale waliokuwa tayari wakifanya kazi katika njia hiyo, reli ikiwa mmoja wao, walikuwa na haki ya kupinga. Maombi yenyewe yalichapishwa katika Gazeti Rasmi, pamoja na jina la mwombaji, gari lake na njia aliyoitaka. Mtafiti yeyote anayetaka kujua ni nani aliyewahi kuendesha basi katika kijiji chao aanzie katika kurasa hizo, kwa sababu majina ya watu wadogo ambao hakuna kitabu kilichowakumbuka yamo humo, yamepangwa mstari kwa mstari.

Lakini reli ilielekea bara. Ilipanda Mazeras, Mariakani, Taru na Voi, ikauacha mwambao ulivyokuwa. Takaungu, Kilifi, Malindi na Lamu upande wa kaskazini, na Gazi, Shimoni na Vanga upande wa kusini, zilikuwa zikihudumiwa na mashua na majahazi yaliyosubiri pepo, na barabara zake zilikatwa na hori baada ya hori, yaani mikono ya bahari. Huko hapakuwa na reli ya kulindwa. Kwa hiyo nafasi ya mtu mdogo ilipatikana pale ambapo serikali haikuwa na maslahi makubwa, na nadhani jambo hili ndilo lililoamua tabia ya biashara nzima: ilizaliwa katika njia mbovu, ikazoea njia mbovu, na ikajengwa na watu waliokuwa na jamaa katika kila kituo.

Walioanza hawakuanza na basi. Walianza na duka, na duka likahitaji lori la kukusanya mbata, korosho, mahindi na maembe, na lori likirudi kutoka mjini na magunia ya sukari na marobota ya nguo watu wakaomba kupanda juu ya magunia hayo. Babu yangu mwenyewe, kwa mujibu wa daftari la kwanza, kwa karibu miaka miwili alikuwa akiandika mizigo katika safu ya kulia na watu katika safu ya kushoto, na ukitazama kwa makini unaona safu ya kushoto ikirefuka mwezi hadi mwezi mpaka, siku moja, akageuza daftari, watu wakahamia kulia mahali pa biashara kuu. Hakuandika neno lolote kuhusu mageuzi hayo, ila jumla zake tu zilibadilika mahali.

Nimewahi kusoma kwamba mambo yalikwenda karibu vivyo hivyo katika vijiji vya Uingereza. Wanajeshi waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza walinunua malori ya jeshi yaliyouzwa kwa bei nafuu, na wengine wakawa na bodi mbili za gari moja, ya mizigo kwa siku za kazi na ya abiria kwa siku ya soko, wakizibadilisha juu ya chesisi ileile. Huko pia familia ndizo zilizoshika njia za mashambani, na huko pia sheria ya leseni, ile ya mwaka 1930, ndiyo iliyoamua nani abaki na nani aondoke, mpaka sheria ya mwaka 1985 ilipofungua milango kwa kila mtu. Fikra ile ya mwaka 1930, kwamba njia ina mwenyewe na mgeni athibitishe haja yake, ndiyo iliyokuja kwetu miaka saba baadaye ikiwa imevishwa mavazi ya kulinda reli. Naitaja kwa sababu wazee wetu walidhani bodi ya leseni ilibuniwa kwa ajili yao tu.

Basi lenyewe lilitengenezwa hapahapa nchini. Chesisi na injini zilitoka ng'ambo, za lori hasa, na ndiyo sababu mabasi ya zamani yalikaa juu sana na kutikisika sana, kwa kuwa springi zake ziliundwa kubeba tani za mizigo wala si mifupa ya wanadamu. Bodi iliundwa na mafundi, wengi wao Wahindi na hasa Makalasinga, pamoja na vijana wa Kiafrika waliojifunza kazi mikononi mwao na hatimaye wakafungua gereji zao. Shangazi anakumbuka alivyopelekwa na babu kulitazama basi la pili likiwa bado mifupa: fremu ya mbao ngumu iliyounganishwa kwa vyuma vya pembe, fundi akipima kwa kamba, na mabati yakipigwa misumari ya ribiti, mtu mmoja ndani na mmoja nje, kijana mdogo akiwa amejikunja ndani ya gari kushikilia chuma huku mwalimu wake akigonga kutoka nje. Juu iliwekwa keria yenye ngazi nyuma. Keria ndiyo iliyolipa mkopo, husema shangazi, kwa sababu viti vilijaa siku za soko na sikukuu lakini keria haikuwahi kupanda wala kushuka tupu.

Pesa za basi hilo la pili zilitoka wapi? Benki moja ya mjini ilitaka hati ya ardhi, na babu, kama wakazi wengi wa Mombasa hadi leo, alikuwa na nyumba isiyo na ardhi, yaani jengo lilikuwa lake na kiwanja cha mtu mwingine ambaye alimlipa kodi. Nyumba ya namna hiyo haiwekwi rehani. Katika daftari la tatu kuna ukurasa mmoja ulioandikwa kwa hati iliyotulia kuliko kurasa nyingine zote, wenye majina manne ya wanawake, yaani nyanya yangu, dada zake wawili na mke wa ami, na mbele ya kila jina imeandikwa idadi ya bangili, mikufu na vipuli pamoja na uzito wake. Dhahabu ya wanawake wanne ndiyo iliyolipa amana ya chesisi. Kwa miaka mitano iliyofuata majina hayohayo yanarudi kila mwisho wa mwezi, na kila mmoja analipwa. Na bado, watu wa Kuze walipoyazungumzia mabasi yale waliyaita mabasi ya babu, na bodi ya leseni haikumjua mtu mwingine isipokuwa yeye. Jambo hili linanichoma, na sioni kwa nini nilifiche.

Sasa niseme jinsi kazi ilivyokwenda, kwa kuwa hesabu ya basi la mashambani si hesabu ya basi la Nairobi. Basi la Nairobi hujaza viti hapa Mombasa, likasimama Mtito Andei watu wale, na abiria walewale wakashuka mwisho wa safari. Kiti kimoja kinauzwa mara moja. Basi la babu liliuza kiti kimoja mara nne au tano: kutoka Mombasa hadi mashamba ya katani ya Vipingo, kisha Vipingo hadi Mnarani, kisha Kilifi hadi Gede, kisha Gede hadi Malindi. Nauli ya kila kipande ilikuwa ndogo, na faida yote ilikaa katika kule kushuka na kupanda. Ndiyo maana kondakta alikuwa mtu muhimu kuliko dereva. Alihitaji kukumbuka nani alipanda wapi, nani ana deni tangu wiki jana, mzigo gani wa keria ni wa nani, na mama gani ana barua inayomsubiri. Kwa hakika walibeba barua nyingi kuliko nilivyodhani, pamoja na dawa, sare za skuli, na bahasha za pesa kutoka kwa wanaume waliofanya kazi bandarini kwenda kwa wake zao Marafa na Marereni. Bahasha hizo hazikuwa na risiti. Ziliandikwa jina, na jina la basi lilitosha kuwa dhamana. Mnamo Machi 2007 M-Pesa ilipoanza, kampuni zilizokuwa zimebaki zilipoteza kazi hiyo kwa muda mfupi sana, na ingawa hakuna mtu mwenye akili atakayetamani bahasha zirudi, nyuzi nyingi zilizokuwa zikimfunga mwanakijiji na basi lake zilikatika hapo.

Katika utoto wangu safari ile bado ilikuwa na kivuko cha Kilifi. Basi lilishuka taratibu upande wa Mnarani na kujipanga nyuma ya malori, abiria wakateremka, na wauza korosho wakatuzunguka wakiwa na vifurushi vidogo vya karatasi vilivyopindwa kama pia. Foleni ikiwa ndefu, babu, aliyekuwa mzee wakati huo lakini bado akipenda kupanda basi lake mara moja kwa wiki, alitembea kutoka mtu hadi mtu akiwauliza hali za nyumbani kwa majina. Aliwaita wazee wa Kigiriama kwa lugha yao, na wao wakamjibu kwa utani wa watani wa zamani. Nilimwona siku moja akimrudishia mwanamke nauli yake yote kwa sababu foleni ilikuwa imemfanya akose mazishi. Mwanamke alikataa mara tatu na babu akamwambia, "Mwanangu, mimi nilikuuzia kufika, na wewe hukufika." Nilikuwa na miaka minane au tisa, na maneno hayo yamenikaa.

Watu wengi huamini kwamba kilichoyaua mabasi ya aina hii ni magari madogo ya abiria yaitwayo matatu. Kuna ukweli mkubwa ndani yake. Gari lililopewa jina kutokana na nauli ya mapeni matatu, yaani senti thelathini, lilikuwa likifanya kazi kwa kujificha mpaka mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu yabebe abiria bila leseni ya bodi. Kwa kampuni kubwa za mijini, kama Kenya Bus Service iliyoanza Nairobi mwaka 1934, hilo lilikuwa pigo la mapato. Kwa basi la ukoo la mashambani lilikuwa pigo la mahali penyewe palipobeba faida, kwa sababu matatu haikutaka abiria wa Garsen. Ilitaka yule wa Mtwapa, yule wa Vipingo, yule wa Gede, wa kipande kifupi na cha haraka, na ikamchukua. Basi likabaki na abiria wa mbali, wachache, wenye mizigo mingi, kwenye barabara ya vumbi. Daraja la Kilifi lilipofunguliwa mwaka 1991 tulilishangilia sote, na tulikuwa na haki ya kulishangilia, lakini gari dogo ambalo zamani lingepoteza asubuhi nzima kivukoni sasa liliweza kwenda Malindi na kurudi mara mbili kwa siku. Upande wa Garsen nao ukawa na majambazi wenye bunduki katika miaka ya 1990, mpaka mabasi yakawa yanakwenda kwa msafara na askari ndani, na madereva waliokuwa na watoto wadogo wakaanza kuomba njia nyingine.

Hata hivyo, baadhi ya familia zilipitia mambo hayohayo na zikakua. Ukipita leo barabara ya Abdel Nasser, au Mwembe Tayari jioni wakati mabasi ya Nairobi yanapakia, utaona kampuni zilizoanzishwa na watu wa hapahapa Mombasa ambazo mabasi yao yanavuka mipaka ya nchi. Kwa nini wao na si sisi? Swali hili nimelibeba muda mrefu, na jibu nimelipata katika daftari la tano, katika ukurasa ambao shangazi aliuandika mwezi mmoja baada ya maziko ya babu.

Babu alifariki mwaka 1978. Aliacha mjane mmoja, wana watatu na mabinti wanne. Sheria yetu ya mirathi iko wazi, na kadhi hahitaji siku mbili kuikamilisha: mjane mwenye watoto hupata thumuni, yaani moja ya nane, na kinachobaki hugawanywa kwa watoto, mwana akipata fungu la mabinti wawili. Ukitafuta namba itakayogawanyika bila kubakisha utaipata themanini. Mjane mafungu kumi. Kila mwana kumi na manne. Kila binti saba. Shangazi ameyapanga yote katika safu moja, akayajumlisha chini, themanini kamili, kisha upande wa pili wa ukurasa akaorodhesha mali yenyewe, ambayo ni mabasi mawili, vipuri vya gereji na leseni iliyokuwa kwa jina la marehemu.

Basi halikatwi mafungu themanini. Nyumba inaweza kukaliwa na warithi wengi, kila mmoja chumba chake. Shamba la minazi linaweza kuhesabiwa minazi. Hata duka linaweza kugawanywa bidhaa. Basi ni kitu kimoja kinachozaa pesa pale tu kinapotembea, na ili litembee ni lazima baadhi ya pesa zile zirudi katika matairi, bima na injini kabla mrithi yeyote hajapewa chake. Warithi wetu walikubaliana vizuri mwanzoni. Ami mkubwa aliendesha kazi, shangazi akaendelea kuandika, na kila mwezi mafungu themanini yakagawiwa. Lakini mrithi aliye Jeddah, mwenye harusi ya mtoto, na mrithi aliye Majengo, mwenye kodi ya nyumba, hawaioni gasketi iliyochomeka. Wanaliona fungu lao limepungua mwezi huu. Kisha warithi wenyewe wakaanza kufariki, na kila kifo kikagawanya mafungu upya, hata kufikia mwaka 1990 shangazi alikuwa akiwaandikia watu ishirini na sita, wengine wakipata kiasi kisichotosha nauli ya kwenda kukichukua.

Sisemi haya kwa kuilaumu mirathi. Sheria ile iliwapa mabinti wa babu haki ambayo mila za watu wengi zingewanyima, na shangazi yangu aliishi kwa mafungu yake saba alipokuwa mjane. Kosa letu lilikuwa kwamba hatukutenganisha kumiliki na kuendesha. Familia zilizosalimika, kadiri ninavyozifahamu kwa ujirani na kwa ndoa, zilifanya moja kati ya mambo mawili: ama ziliandikisha kampuni ya hisa mzee akiwa bado hai, ili anaporudi kwa Mola wake kinachorithiwa kiwe karatasi na si gurudumu, ama ndugu mmoja alikopa akawanunua wenzake wote kwa bei ya haki, uchungu ukaisha siku ileile. Yote mawili yanahitaji mzee akubali kuzungumzia kifo chake mbele ya wanawe. Babu hakukubali. Shangazi anasema alijaribu mara moja, akaambiwa anamchulia baba yake.

Yaliyokuja baadaye yalizikuta familia nyingi ndogo zikiwa tayari zimechoka, nami nitayapitia kwa haraka. Kampuni za bima zilizokubali kubeba magari ya abiria zilianguka moja baada ya nyingine. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011, na wenye magari waliokuwa wamelipa bima yao kwa uaminifu wakajikuta wakidaiwa fidia za ajali kutoka mifukoni mwao, madalali wakija kuchukua magari. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta vidhibiti mwendo na mikanda, na naziunga mkono kwa moyo wote kwa maana ziliokoa maisha, ila gharama yake kwa mwenye basi moja la zamani ilikuwa mzigo tofauti kabisa na gharama yake kwa mwenye mabasi hamsini. Kanuni za mwaka 2014 zilimtaka kila mwendeshaji awe chini ya kampuni au chama chenye magari yasiyopungua thelathini. Hapo jina la ukoo ubavuni mwa basi likafunikwa na jina la sacco. Hata kubwa zilianguka: Akamba, ambayo mabasi yake yalikwenda mpaka Kampala na Dar es Salaam na ambayo nayo ilikuwa ya familia, ilifunga milango mwanzoni mwa miaka ya 2010. Treni mpya ya abiria ilipoanza tarehe 1 Juni 2017 kwa nauli ya shilingi 700, walioumia ni wa njia ya Nairobi. Mwambao wa kaskazini, kama miaka themanini nyuma, reli haikuufikia.

Yetu ilikuwa imeisha kabla ya hayo. Ami alifariki mwaka 1994. Binamu yangu aliendelea na basi moja lililobaki, na Novemba 1997, mvua za El Niño zilipoharibu barabara pande zote, hata ile ya Nairobi ikakatika, basi lilikwama ng'ambo ya Malindi kwa siku kumi na tisa. Lilipovutwa kurudi, liliuzwa kwa chuma. Mstari wa mwisho wa daftari la saba unasema: "Mvua. Halikwenda." Baada ya hapo kuna kurasa arubaini tupu, zenye mistari yake.

Siku hizi kila Jumamosi alasiri huwa nachukua daftari moja na kwenda Kisauni, ambako shangazi hunisubiri na kahawa, na pamoja naye aliyekuwa kondakta wa babu, mzee aliyepita miaka themanini, ambaye huletwa na mjukuu wake kwa pikipiki. Mimi husoma, wao husahihisha. Wamenifundisha kwamba "Mti Mmoja" kilikuwa kituo kabla ya Matsangoni na kwamba mti wenyewe ulikatwa zamani. Wamenifundisha kwamba mbuzi alilipa nusu nauli, lakini beberu nauli kamili, kwa sababu ya harufu.

Kulikuwa na neno moja lililonitatiza tangu mwanzo. Katika mizigo ya kuja Mombasa, kati ya magunia na matenga ya kuku, kila baada ya siku chache imeandikwa "kitanda 1", na katika safu ya nauli umewekwa mstari mfupi badala ya pesa. Nilidhani ni maseremala wa mashambani wakileta samani mjini kwa mkataba fulani na babu. Jumamosi iliyopita nilimwuliza mzee. Alikaa kimya, akamtazama shangazi, kisha akaniambia kwamba hicho kilikuwa kitanda cha kamba chenye mgonjwa juu yake, aliyebebwa na jamaa zake kutoka ndani hadi barabarani na kulisubiri basi tangu alfajiri. Viti viwili vya nyuma vilifunguliwa kwa spana ili kitanda kiingie. Basi likipita hospitali ya mkoa kwanza, kabla ya steji, na abiria wote walijua hivyo na hakuna aliyelalamika.

"Na mstari huu?" nikamwuliza.

"Mzee alikataza tuandike sifuri," akasema. "Alisema sifuri ni ya mtu aliyekosa kulipa."

Tukavihesabu vitanda vya mwaka 1969, shangazi akiweka kokwa ya tende kwa kila kimoja juu ya sinia. Vilikuwa thelathini na saba, na kwa kumi na viwili kati yake mzee aliweza kunitajia kijiji.